Boksi la Witold

Gdańsk, Januari. Halszka kalinunua boksi
alilokuwa akilalia Witold chini ya daraja la reli,
kauchora humo uso wake kwa mkaa:
pua iliyowahi kuvunjika,
jicho moja likicheka, la pili limenuna.

Ukumbini, watu na glasi zao za divai.
Mmoja kasema, "Kama anapumua!"
Anapumua, ndiyo. Yuko pale mlangoni
na koti la kuazima, anajitazama kwa pembeni
kama mtu aliyekutana na mdai wake.

Bei ikapanda. Nyundo ikagonga.
Fedha za vitanda kumi na viwili, na mablanketi;
kituo kitafunguliwa Machi.

Makofi.

Witold akamvuta Halszka mkono wa gauni, taratibu:
"Binti, picha imetoka vizuri.
Ila usiku wa leo
nilalie nini?"