Punje ya Thelathini na Tatu

Barua ya kunipandisha cheo ilikaa miaka miwili
ndani ya kopo tupu la mafuta,
pamoja na funguo za ghala na dawa ya dumuzi.
Mtunza ghala mkuu, ilisema.
Nyongeza: elfu moja na mia tano kwa mwezi.
Niliikunja mara nne, nikafunika.

Vugutsa ndiye aliyenionya,
mpishi wa zamu ya alfajiri, sauti kama mwiko chunguni:
"Hapo ulipo, kwa elfu thelathini na mbili, wanakata robo.
Vuka ule mstari kwa kidole tu,
wanakata thelathini kwa kila mia,
zote, tangu shilingi ya kwanza.
Utapanda cheo, Mama Imali, ushuke sahani."

Nikapiga hesabu kwa chaki nyuma ya mlango.
Nisipovuka, nabaki na elfu ishirini na nne.
Nikivuka, ishirini na tatu na nusu, kasoro hamsini.
Sikukosea hata tarakimu moja.
Karatasi ya mshahara sikuwahi kuisoma:
niliitazama chini kabisa, namba ya mwisho,
ambayo mkopo wa sacco ulikwisha kuitafuna,
kama mtu aendaye kumwona mgonjwa
akaishia kutazama nyayo.

Kegode wa uhasibu alikuja kuhesabu magunia
siku mvua ilipoifunga Mbale yote, kilima na soko.
Akataka funguo. Akaiona barua.
Hakucheka. Angecheka ningemtoa nje alowe.
Alichota mahindi konzi moja
akayamwaga juu ya mfuniko wa pipa.

"Kila punje ni elfu moja," akasema.
Ishirini na nne akazivuta upande wake.
"Hizi zinakatwa kumi kwa mia. Elfu mbili na mia nne.
Serikali inaiandika hiyo, halafu inakupa unafuu
wa elfu mbili na mia nne. Mkono uleule unafuta."
Nane akaziweka katikati,
ya tisa akaivunja kwa jino, akaongeza theluthi.
"Hizi ndizo za robo. Hizi tu."
Ikabaki moja, na chembe pembeni.
"Na hii ndiyo ya thelathini.
Haina miguu, mama. Hairudi nyuma
kuzishika mkono zile za kwanza."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa ngumi.
Niliziangalia zile ishirini na nne,
zimetulia kwenye rundo lao,
hazijui kama kuna mwenzao amevuka kitu.

Katika ile elfu moja na mia tano
wangechukua mia nne thelathini na tatu na senti.
Elfu moja sitini na sita na senti zake ni zangu.
Mara miezi ishirini na minne.
Kegode aliniachia kalamu, akageukia magunia,
akawa anahesabu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.
Elfu ishirini na tano, mia sita, kasoro senti arobaini.
Bati za jiko langu, lile linalovujia unga.

Jumamosi nilipanda hadi kwa Vugutsa,
amestaafu, miguu imevimba, anachambua mboga ya mrenda.
Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno, makali, kwa foleni.
Kabla sijafungua mdomo akaniuliza:
"Ile barua, uliitupa?
Mimi zangu nimeziweka, tatu."
Akaonyesha kwa kidevu Biblia juu ya redio.
"Tatu nzima nilizikataa. Hawakunipata."
Akacheka, jino la dhahabu likamulika,
akanimiminia chai ya rangi, sukari vijiko vitatu
bila kuniuliza.

Nikasema mvua mwaka huu imezidi.
Akasema imezidi.
Mfukoni mwa aproni kidole changu kilikuwa kinaisugua
ile punje iliyovunjwa kwa jino.