Kasoro Mia Tatu na Arobaini

Barua ya hoteli ilikuja Jumatatu, imelowa pembe.
Vikombe mia tatu na arobaini,
kijivu cha mbingu ya Februari,
visiwe sawa.
Hapo walipiga mstari, wakaurudia:
visiwe sawa, ila vipangike kabatini,
na kila kimoja kiwe na alama ya gumba
chini ya kishikio, kina chake kisizidi milimita tatu
ili mashine ya kuoshea isisumbuke.

Sidsel Kofoed aliisoma amesimama,
udongo umemkaukia hadi viwikoni,
akacheka mpaka paka akahama dirisha.
"Miaka thelathini na moja," akaniambia,
"kazi yangu imekuwa kulifuta gumba hili.
Aliyenifunza alikuwa na sifongo kiunoni
na ulimi mkali kuliko waya wa kukatia udongo.
Kikombe chenye gumba alikirudisha pipani
bila hata kukitazama usoni.
Leo gumba lina bei,
na bei yenyewe si haba."

Mimi mwanagenzi wake nilihesabu kwa penseli ukutani:
kodi ya karakana, umeme wa tanuri,
jino lake bovu linalomfanya atafunie upande mmoja tangu Krismasi.
Tukakubali.

Alhamisi msanifu akashuka kwenye feri ya asubuhi,
Jeppe Thorsager, viatu vyeupe,
akakipokea kikombe cha sampuli kwa mikono miwili
kama aliyekabidhiwa kifaranga.
Tulikuwa tumejiandaa kumcheka akishaondoka.
Lakini alikaa kimya, akakizungusha, akakizungusha,
kisha akasema, kama anayeungama,
kwamba kwake mlango wa gari ni laini, meza ni laini,
simu, swichi, sinki, vyote laini,
anashinda akigusa vitu kutwa
na jioni mikono yake ni kama haikwenda popote.
Sidsel akamwongeza kahawa.
Hatukumcheka.

Basi gurudumu likazunguka. Kumi, ishirini, arobaini.
Kufika cha sitini na mbili nikaona:
gumba lilikuwa limeshajifunza njia,
linatua palepale, mgeuko uleule, kina kilekile,
muhuri wa posta.
Sidsel naye aliona. Akazima mota.
Akajaribu kukosea, akashindwa;
mkono uliosomeshwa hausahau kwa amri.

Nikatoa gumba langu, lenye kovu la tanuri la mikate.
Tukamwita Birger wa posta, ana haraka zake,
akabonyeza vikombe kumi na vinne helmeti ikiwa kichwani.
Akaja Alberte, mjukuu wa jirani, miaka sita,
gumba lake likiacha shimo la punje ya haragwe,
akadai biskuti moja kwa kila kikombe
na kwa hesabu akanishinda.

Kadi za hoteli zilikuwa zimeshachapwa:
Alama hii ni ya mkono wa Sidsel Kofoed.
Tukazitazama pale mezani.
"Udongo ni wangu," akasema.
Baadaye, akifunga sanduku la mwisho:
"Karibu wote."
Sikuuliza karibu wote nini.

Mwezi Mei kilirudi kikombe kimoja, kimefungwa vizuri,
na karatasi yenye nembo:
Samahani, hiki kina kasoro.
Tukakigeuza, tukakipeleka kwenye mwanga.
Hakuna ufa, hakuna lengelenge.
Wala hakuna gumba.
Kilipita katikati yetu
kama mtoto aliyesahauliwa kwenye picha ya shule.

Sasa kinakaa dirishani, kimejaa penseli,
laini kama alivyotaka yule wa sifongo.
Sidsel hukipita akienda kwenye birika
kunywa kahawa yake gaeni,
kikombe chake cha mwaka wa kwanza, kilichomeguka mdomo,
ambacho nikikiosha jioni
kidole changu hutumbukia mahali, chini ya kishikio,
ambapo sifongo haikufika.