Pumzi ya Mlenda

Julai, Damanhur. Saladi imeungua,
hata mnanaa umelala chali;
mlenda ndio kwanza unanyoosha shingo.

Inshirah anachambua majani, mabua anamwekea mbuzi,
anakatakata kwa kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo
hadi ubao unateleza.

Supu ya sungura inatokota.
Kitunguu saumu na giligilani kaangoni: chwaa!
Hapo mpishi hushtuka, hhaa,
akavuta pumzi kama aliyeona nyoka;
asiposhtuka, mlenda huzama chini ya sufuria.

Ndivyo alivyofundishwa na mavyaa,
aliye chumba cha pili, kitandani,
ulimi mzito tangu Ramadhani.

Leo Inshirah kamimina kimya. Kasahau.

Ng'ambo ya pazia:
hhaa.