Kongwa la Igogo

Tupande kabla ya saa mbili, alisema Holo,
ikifika saa sita yote yamefumba,
na ua lililofumba halitaji ukoo wake.

Tukapanda nyuma ya nyumba za Igogo,
mawe yamebebana kama mizigo ya wahamaji,
viatu mkononi, ziwa mgongoni.
Mimi daftari. Yeye lenzi,
shingoni, kwa kamba ya kiatu.

Hili hapa: petali mbili za buluu,
ya tatu ndogo, nyeupe, imejibanza chini
kama mtoto aliyekatazwa kupita sebuleni.
"Andika kongwa."
Na lile la manjano?
"Kongwa."
Na lile jembamba, penye jasho la jiwe?
"Kongwa nalo. Jina limekwisha, sasa tazama."

Usianze na rangi. Rangi ni nguo.
Anza na jani linalolea ua,
limekunjwa kama sambusa:
la huyu limeshonwa nyuma, ncha ya sindano haipiti,
la yule liko wazi mpaka kwenye kikonyo.
Kisha ala, pale jani linapolikumbatia shina:
vinyweleo vya rangi ya kutu, au hakuna.
Minya. Ute ukitoka usihesabu,
wote hulia hivyo.

Akachimba kwa kijiko cha chai.
Kwenye mzizi, gizani,
maua mengine, meupe kama kucha,
hayajaona jua wala nyuki,
na yana mbegu tayari.
"Huyu wa vinyweleo," alisema, akifukia,
"huzaa juu, huzaa na chini.
Hapa mlimani sijamwona mwingine."

Nikaacha kuandika.

Holo nimemjua mwezi wa tatu, matangani Misungwi.
Shangazi Kwandu alimtazama paji, akanitazama pua,
akasema, wote wa Lushinge hawa, pisheni wakae.
Akaletewa kigoda. Basi.
Mama aliingia ndani, akakaa huko
mpaka chai ilipopoa.

Saa tano na nusu buluu ilianza kujikunja.
Holo akafuta lenzi kwa pindo la kitenge,
akaisogeza shavuni kwangu.
"Tulia. Unacho na wewe."
Nini?
"Kitundu. Hapa mbele ya sikio, kama cha hereni
iliyokosea njia. Mimi ninacho.
Baba alikuwa nacho?"

Miaka ishirini na sita nimekula naye sahani moja,
nikiwa upande wa sikio lile.

Sijui, Holo.
Sikuwahi kutazama.