Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Saa sita usiku hapa Łódź, theluji imegeuka tope,
tramu ya mwisho imeshapita ikikwaruza kona,
nami naikagua riwaya ya kijana Kacper
ambaye mwalimu wake alimkataza kuandika "alisema."

Basi humu hakuna anayesema.
Mpishi ananguruma. Bibi harusi anachombeza.
Karani wa kiwanda cha nyuzi,
akiombwa funguo tu,
anamaka, anang'aka, anafoka,
na kabla aya haijaisha amebwata na kulalama
mpaka nalionea huruma koo lake.

Nakata. Kalamu yangu nyekundu haina haya.
Ananguruma: futa. Anachombeza: futa,
kilichoombwa ni chumvi, si moyo.
Nabakisha mguno mmoja, ukurasa wa tisa;
ule nimeusikia, una mwili.
Nabakisha alinong'ona, kanisani, palipo na sababu.
Kwingine kote narudisha neno lile lile dogo,
alisema, alisema,
msumari usioonekana koti likishatundikwa.

Nafika mia na kumi na mbili.
Mama yuko stesheni, mwanawe yumo behewani.
"Umechukua glavu?" Na Kacper ameandika: alisihi.
Nafuta. Naandika aliuliza. Nafuta.
Hakuwa anauliza; glavu alizitia begini mwenyewe.
Alisema? Karatasi inaanza kutoboka.

Ryszard, baada ya kiharusi, alibakiwa na neno moja.
Dirisha.
Dirisha, akitaka chai. Dirisha, mguu ukimwaka.
Daktari aliandika kwenye faili: mgonjwa anarudiarudia.
Lakini mimi, miezi kumi na minne jikoni humu,
nilimsikia akiomba, akitukana, akinitania kwa nywele zangu,
na Jumapili moja, supu ya viazisukari ikipoa,
dirisha,
nikajua ananitaka radhi
kwa jambo la mwaka themanini na tatu
ambalo hatukuwahi kulitaja.
Nikamjibu, "Lilishafungwa zamani."

Pembeni mwa ukurasa namwandikia Kacper:
hapa usiweke kitu.
Glavu, kisha nafasi, kisha treni.
Kesho atapiga simu kabla sijanywa kahawa,
atasema nimemnyang'anya sentensi.
La, hatasema. Ni kijana.
Atafoka,
na hapo nitamwachia kitenzi chake.