Kibandiko cha Njano

Jumatatu ya kwanza ya Novemba hutoka na ndoo,
kitambaa, na vibandiko kadiri ya orodha.
Jiwe nalifuta kwanza: kuvu, kinyesi cha ndege.
Kisha nabandika pembeni, jina lisizibwe:
*Ndugu wa marehemu mnaombwa kufika ofisini.*

Hapa Lindenrode kaburi hukodishwa.
Miaka ishirini na mitano, kulipia upya ruhusa.
Msiba wa kwanza ni kufa; wa pili huja na stakabadhi.

Mji mdogo, maziara matatu.
La kanisani ni maegesho ya magari sasa;
muuza jibini huegesha juu ya mafundi viatu wa kale.
La kipindupindu liko ng'ambo ya mto.
Walizikwa usiku, kwa chokaa, bila kengele.
Theluji ikianguka watoto huteleza hapo wakipiga kelele,
na kanuni yetu, kifungu cha tisa, inasema waachwe.

La tatu ndilo langu: vitalu kumi na vinne, mabomba sita,
pipa la majani, pipa la mishumaa,
na askari wa vita viwili, wasiodaiwa hata senti.

Ottokar Wendisch ndiye aliyelichorea ramani.
Miaka thelathini na mmoja katika kiti hiki,
mwandiko mdogo kama sisimizi wanaohama,
wino wa kijani kwa waliolipiwa, penseli kwa wanaokaribia.
Pembeni mwa daftari aliandika yasiyoulizwa:
"Mjane huja Alhamisi. Asisumbuliwe."
"Mtoto hakupewa jina. Mstari wake uachwe wazi."

Mwaka juzi kibandiko cha mwisho kilikuwa chake.
Kitalu cha saba, chini ya msonobari.
Hakuoa. Dada yake alifia Leipzig; simu haiiti.
Nilimfuta vizuri kuliko wengine, sikatai.
Nikabandika. Kazi ni kazi.

Mvua ikala njano, ikabaki nyeupe.
Tietjen wa trekta akauliza: tuling'oe?
Mawe yaliyokwisha muda husagwa;
changarawe unayokanyaga pale langoni
ilikuwa na majina.

Nikamwambia siioni kadi yake drooni.
Kweli tupu. Iko kwenye droo ya askari,
na droo ya askari hufungua wizara,
wakikumbuka.

Tietjen alinitazama kidogo,
akawasha trekta, akaenda kumwaga mchanga.

Pembeni mwa daftari niliandika kwa penseli:
"Huyu anakaribia."
Hufutika, penseli ni penseli.
Kila Novemba naikoleza.