Mizani ya Waridi

Kazanlak, mwezi wa Mei, saa kumi alfajiri:
waridi huchumwa kabla jua halijainywa harufu.
Zdravka, karani wa kiwanda cha mafuta,
huketi na chai ya mnanaa mbele ya kompyuta
yenye rangi ya jino la mvuta sigara.
Humo mna majina ya wachumaji mia na kumi na wawili,
na mbele ya kila jina, kilo.
Kilo ni mkate. Kilo ni viatu vya mtoto.

Jumanne, herufi ya kwanza ilidondoka.
Ilikuwa S, ya Stoyanka.
Iliachia jina, ikashuka taratibu,
ikalala chini ya kioo kama unywele.
Zdravka akapangusa skrini kwa kitambaa.
Ikashuka T.
Kisha majina yote, kama dari bovu linavyomwaga chokaa;
saba ikaiangukia tatu,
nukta zikatawanyika kama punje za mtama.

"Ni kirusi," akasema fundi kutoka Plovdiv.

(Kwetu neno hili lina pacha:
Kirusi, lugha ya Moscow,
aliyokaririshwa Zdravka shuleni miaka minane
na sasa hana wa kuzungumza naye.
Hiki kingine hakizungumzi. Hurudiarudia tu.)

Kilikuja ndani ya diski,
kimejibanza mgongoni mwa mchezo wa matofali.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema;
mgeni huyu hakula wala hakulala,
alijifyatulia nakala, nayo nakala ikafyatua nakala,
na kila faili iliyofunguliwa ikabeba mimba yake
ikaenda kazini kama kawaida.
Hilo ndilo linalonitisha: kama kawaida.
Wiki tatu mashine ilijumlisha, ikatoa, ikachapa,
huku ikimhesabia siku.

"Mwandishi ametia sahihi," akasema fundi.
Katikati ya tarakimu zisizosomeka, neno moja: SHARKA.
"Jina la mchumba wake, nadhani."

Zdravka akakoroga chai isiyo na sukari.

Sharka alikuwa mbuzi.
Pembe moja, madoa shingoni.
Alikufa mwaka ule wa theluji ya magotini,
na aliyemlilia mpaka akashikwa na homa
ni Ognyan, mtoto wa dada yake,
sasa miaka kumi na saba, vidole vyembamba,
na ufunguo wa ofisi anaouazima kila Jumapili.

"Simjui," akasema Zdravka.

Usiku alimkuta jikoni, anakula mkate kwa jamu.
"Nilitaka tu kuona itafika wapi."
"Imefika kwa Stoyanka."
Hakumpiga. Alimpa penseli na daftari la mistari.

Kulipopambazuka kijana alisimama kwenye ukingo wa shamba,
akimuuliza kila mtu: jana ulipima ngapi? Na juzi?
Wengine walisahau. Wengine waliongeza kidogo,
naye akaandika hivyo hivyo.
Stoyanka, miaka sabini na moja, akatua gunia,
akageuka, akamwonyesha mgongo.
"Soma hapa. Hapa hakidondoki kitu."

Akaandika, mkono baridi kwa umande,
polepole, akiikandamiza penseli
mpaka ukurasa wa chini nao
ukashika alama.